Ng'ombe wa Bilinganya

Ng'ombe yule nilimpika kwa tui la nazi, na lazima niseme alitoka vizuri.

Alikuwa bilinganya. Nilimkuta kwenye kimeza kifupi cha chumba cha chini, katika nyumba ya mama mkwe wangu, Mjapani, kule Forest, kusini mwa Brussels. Amesimama kwa miguu minne ya njiti za kiberiti, na pembeni yake kuna tango, nalo limechomekwa njiti vilevile. Ilikuwa Agosti yangu ya kwanza mle ndani. Nilikuwa bi harusi mpya kutoka Morogoro, mume wangu yuko kazini, mama mkwe ametoka kununua udi, na mimi nina njaa na hamu kubwa ya kuonyesha kwamba kwetu tulifundwa jikoni. Nikadhani ni mchezo wa watoto wa jirani. Au labda Wajapani ndivyo wanavyotunza mboga, nani anajua? Nilishaona figili zimezikwa kwenye ndoo ya pumba za mchele, sikuuliza. Basi nikang'oa njiti, tango nikalifanya kachumbari, bilinganya nikalikaanga na vitunguu, nikamwagia tui.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni na udi wake, akakitazama kimeza kitupu, kisha akanusa hewa. Mume wangu aliingia nyuma yake. Akaona sufuria, akaona njiti kwenye ndoo ya taka. Akanivuta koridoni akanieleza harakaharaka. Kwao, katikati ya Agosti wafu hurudi nyumbani kutembea siku chache. Tango ni farasi: wanampanda kuja, mbio, kwa kuwa wamekumbuka nyumbani. Bilinganya ni ng'ombe: wanampanda kurudi, polepole, kwa kuwa kuondoka ni kuzito. Mlangoni huwashwa moto mdogo wa kuwapokea, na siku ya mwisho moto mwingine wa kuwasindikiza. Ule wa kwanza mimi mwenyewe niliuona dirishani juzi yake, nikadhani mama anachoma takataka. Wa pili ulikuwa uwashwe jioni ileile.

"Sasa ng'ombe umempika," akasema.

"Nani alikuwa ampande?"

Loo, nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie na mwiko wangu. Nikasema nakimbia kutafuta bilinganya lingine, lakini ilikuwa wiki ile ya Agosti ambayo mtaa mzima umekwenda baharini na maduka yameshusha milango. Mama mkwe akatuita. Alikuwa ameshaketi mezani, mgongo umenyooka, sahani mbele yake.

"Nipakulie," akasema.

Alikula. Mwanamke yule ambaye siku zote alidonoa chakula alikula yote, akamega mkate, akapangusa mchuzi uliobaki sahanini. Alipomaliza alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona kwake, macho ya mtu aliyepewa zawadi.

"Basi hataondoka," akasema. "Ahsante, mwanangu."

Jioni hiyo hakuwasha moto.

Nilidhani ananistahi tu. Wakwe wengine wangenitangaza mpaka Tokyo. Habari ya huyo asiyeondoka nilikuja kuipata baadaye, kwa vipande, kwa Kifaransa, lugha ambayo sote wawili tuliivunjavunja, kila mmoja kwa mtindo wake. Mama mkwe alikuja Brussels angali binti, akimfuata mume aliyeletwa na kampuni, na walikuwa na mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza anatembea. Mtoto alipofika miaka mitatu akashikwa na homa, akafa. Wakamzika hukuhuku. Sasa huku kaburi ni la kukodi: muda ukiisha na hakuna wa kuuongeza, wanamlaza mwingine. Muda wa yule mtoto uliisha mama akiwa kwao, anamuuguza mama yake mzazi. Aliporudi akakuta nyasi. Ndiyo maana hakuhama hata baada ya mumewe kufariki, hata dada zake walipomlilia kwenye simu arudi. "Mtoto wangu hajui kwingine," aliniambia. "Anajua mlango huu tu."

Mume wangu alizaliwa baadaye. Mama alimlea peke yake na kumsomesha kwa cherehani iliyokaa dirisha la mbele. Alikata suruali ndefu za nusu ya Forest, akaziba ovaroli za wafanyakazi wa kiwanda cha magari mpaka siku kilipofungwa. Hakuwahi kukosa mkutano wa shule, hakuwahi kumtuma mtoto dukani kwenye mvua. Lakini mume wangu aliwahi kuniambia neno ambalo sijalisahau. "Mimi nilikuwa mtoto wa pili," alisema, "hata nikiwa peke yangu mezani."

Mambo yalianzia kwenye ngazi.

Nyumba za mji huu ni nyembamba na ndefu, ngazi zake zimesimama utadhani zinakusukuma. Baada ya Agosti ile mama mkwe alianza kuzishuka kwa namna nyingine. Mguu mmoja, halafu mwingine juu ya kidato kilekile, anapumzika. Mguu mmoja, halafu mwingine. Mkono wa kushoto aliuning'iniza kando, vidole vimekunjwa nusu. Mimi nyuma yake na kapu la nguo, nachelewa kazini, nasubiri. Nikamuuliza goti linauma?

"Goti gani?" akasema.

Na kweli, akisahau uzi juu alipanda kama msichana, vidato viwiliviwili. Ni kushuka tu. Ni pale alipokuwa, kwa namna fulani, hayuko peke yake. Siku moja nilitaka kumpita upande wa kushoto, upande wa ukuta, kulikuwa na nafasi ya kutosha. Akaniwekea mkono kifuani, kwa upole, kama unavyomzuia mtu asikanyage kitu. Nikarudi nyuma. Mikono ilinisisimka mpaka nilipofika kituo cha Porte de Namur, na nilikuwa nimekaa kwenye metro yenye joto la kuchemsha mtu.

Agosti iliyofuata hakukuwa na tango wala bilinganya wala moto. "Aliyemo ndani unampelekea farasi wa nini?" akaniuliza. Akanicheka, kwa wema.

Kisha nikapata mimba, na hapo lazima nimpe mama haki yake, maana nikisema mabaya tu nitakuwa muongo. Mwanamke yule alinilea. Mama yangu alikuwa Morogoro, viza ikamkatalia, na mimi hapa nina tumbo na mvua na majonzi. Mama mkwe alinikanda miguu kila jioni. Alinipikia supu ya mwani na uji wa mchele mpaka maziwa yakajaa. Mtoto alipozaliwa, wa kike, alimchukua siku ya kwanza nyumbani, akaitoa kanga yangu kwenye sanduku bila kuuliza, akamfunga mgongoni sawasawa kabisa na mama zetu wanavyofunga. Nikashangaa. Kumbe na kwao wanabeba hivyohivyo. Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha, nikamwambia shikamoo kwa mara ya kwanza, nikamweleza maana yake. Tangu hapo kila asubuhi nilimwamkia na yeye aliinama kidogo akaitikia "marahaba" kwa sauti ya mtu mzito. Nilimpenda. Liwe wazi hilo.

Niliporudi kazini mtoto alibaki naye. Alikula vizuri, alilala vizuri, aliongea mapema, Kijapani na Kifaransa na Kiswahili changu cha jikoni. Alipofika miaka miwili na kitu akaanza kushuka ngazi na bibi yake. Nilikuwa chini nikiwatazama wanakuja. Bibi amemshika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto unaning'inia kando, vidole nusu. Na kati ya bibi na ukuta kuna nafasi, na mtoto wangu anachungulia kwenye ile nafasi, anacheka.

"Unacheka nini, mama?"

"Dada ameruka," akasema.

Nikamwambia hana dada. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto.

Bibi alikata tufaha kwa vipande vyenye masikio, kila kipande sungura, akaweka visahani viwili. Cha mwanangu kiliisha papo hapo. Cha pili nilikiacha mezani vipande vikianza kuwa vya kahawia, na nikirudi kutoka kazini kilikuwa kitupu. Mama mkwe alikuwa hali tufaha, meno yake hayakumruhusu tena. Nikamuuliza mwanangu kama ni yeye. "Si vyangu," akasema, amekasirika, kama nimemwita mwizi.

Na nguo! Rafiki yangu mmoja, mama wa Kirundi kutoka Bujumbura mwenye duka la vitambaa kule Matonge, mtaa wa Waafrika, alinipa kipande cha kitenge cha manjano. Mama mkwe akashona magauni mawili, la mwanangu na jingine. Baadaye nikafungua droo nikitafuta shuka, nikakuta magauni yamekunjwa, la kila kitambaa alichowahi kumshonea mwanangu. Ya mwanangu yalikuwa yamekua naye. Haya yalikuwa na kipimo kimoja, yote. La manjano lilikuwa na doa la jamu ya stroberi kifuani.

Nikampelekea habari rafiki yangu dukani kwake. Huyu ni Mwislamu wa swala tano, mcheshi, na hana breki mdomoni. Alinisikiliza, akaacha kupima kitambaa.

"Maman, mi nakuambia kweli," akasema. "Ule mutoto hachezake yeye peke. Bon. Mutoke mu ile nyumba."

"Nitamwambia nini mume wangu?"

"Mwambie bibi anagawa mutoto wako na wafu. Alors? Iko ingine kintu ya kusema?"

Nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nayarudia maneno yale. Mimi nilikulia kwenye kwaya ya kanisa, kwetu mtu akifa tunamlilia, tunamzika, tunakula wali, anabaki kwa Mungu. Sikutaka fedheha na mama, wala sikutaka kuhama. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: mwanangu awe wangu, mtoto wa watu walio hai, asilelewe kama mwenzake wa mtu asiyeonekana. Na niliogopa jambo baya zaidi, ambalo sikulitamka hata kwa rafiki yangu. Niliogopa kwamba yule bibi, kwa upendo wake wote, alikuwa hamwoni mwanangu kabisa. Kwamba akimkumbatia alikuwa anamkumbatia yule wake aliyekufa.

Siku moja nilirudi mapema nikamsikia anaita jina la yule marehemu, kwa sauti ya kuita mtoto aje kula. Na mwanangu akaja mbio.

Nililipuka. Sijui kugombana kwa Kifaransa, nilianza kwa Kifaransa nikamalizia kwa Kiswahili, na alielewa vyote. Nikamwambia huyu ni wangu. Nikamwambia wako alikufa, mama, alikufa, na wangu hatakuwa mkeka wa kumlazia wako.

Mwanangu alijificha chini ya meza. Mama mkwe alizima jiko kwanza. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, ile mikono ya sindano yenye vidole vilivyopinda.

"Huu wa wako," akasema, akiinua wa kulia. "Huu wa wangu. Sijawahi kuchanganya."

"Mbona umemwita kwa jina la yule?"

"Sikumwita yeye. Niliita mmoja. Wamekuja wawili."

Nilimwokota mtoto chini ya meza nikapanda naye juu. Mume wangu alipokuja nikamwambia tuhame, akasema ndiyo, akasema ngoja mama apate nguvu, na siku zikaenda, maana ndivyo tulivyo sote, tunangoja. Asubuhi iliyofuata nilisema shikamoo kwa shingo upande. Akainama, akaitikia.

Kilichobadilisha kila kitu hakikutoka kwangu. Mwanangu alikuwa amekua, ameanza shule, ameota miguu mirefu ya baba yake. Jioni moja alikaa sakafuni karibu na cherehani akipanga vifungo, akasema bila kuinua kichwa:

"Mdogo wangu anataka vile vyekundu."

Mashine ikasimama. Mama mkwe akamuuliza ni nani huyo mdogo wake.

"Ni huyu hapa. Alikuwa dada. Sasa ni mdogo wangu." Akafikiri. "Bibi, mbona yeye hakui?"

Kwa hesabu ya ukoo yule ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Nililiwaza hilo nimesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu. Mama mkwe alikaa ameinamisha kichwa juu ya kitambaa. Nikaona tone la chozi likidondoka kwenye suruali ya mteja, na yeye akalifuta kwa kidole gumba haraka, asije akaharibu kazi ya watu.

Tangu siku hiyo alianza kuchoka. Daktari alitaja moyo. Mwaka huu, kabla ya kiangazi, walimlaza hospitali, na mimi ndiye niliyekaa naye mchana, kwa sababu mume wangu alikuwa haingii kile chumba bila kutoka tena baada ya dakika chache. Nilimpaka mafuta miguu, zamu yangu. Siku moja akafumbua macho akaniambia:

"Agosti hii utatengeneza ng'ombe. Wewe. Mwanangu hataweza."

"Sawa, mama."

"Mnene. Abebe wawili." Akapumua. "Na usimpike."

Tukacheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Nesi alipotoka nikamuuliza kama ni kweli anamchukua yule mtoto, maana nilitaka nisikie kwa masikio yangu.

"Amechoka kuwa mdogo," akasema. "Wako anapanda juu kila siku, wangu anabaki chini anamtazama. Si vizuri kumfanyia mtoto hivyo. Nilijifurahisha mimi."

Hakutaja sana habari nyingine. Aliuliza kama mwanangu anakula. Alifariki mchana, mimi nimeshika mkono wake wa kulia. Wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, vidole vimekunjwa nusu, na sikuugusa.

Agosti ikafika. Mume wangu alichonga farasi wa tango mwenyewe, akachoma vijiti vikavu vya kitani kwenye kisahani cha udongo mlangoni, kama alivyomwona mama yake akifanya utoto wake wote. Moshi ulipanda kidogo, ukainama, ukaingia ndani. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye ngazi. Akasogea upande wa ukuta, kumpisha mtu.

"Bibi amekonda," akasema.

Nitasema nilivyoona, anayetaka kuamini aamini. Siku zile nyumba ilikuwa na harufu ya wali asubuhi kabla sijaamka. Kanyagio la cherehani lilipiga, mara moja, mbili, kama mtu anayejaribu kama bado linafanya kazi. Nikiwa jikoni nilisikia ngazi: mguu mmoja, halafu mwingine juu ya kidato kilekile. Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa, kwamba sikuogopa. Nililala usingizi mnono ambao sikuupata tangu msiba. Asubuhi nilijikuta koridoni nasema shikamoo hewani, na sitasema kama niliitikiwa.

Mume wangu alikuwa na uso mwingine. Alipiga mluzi akinyoa. Siku ya mwisho, nilipochukua kapu kwenda sokoni, alisimama mbele ya mlango. Mezani alikuwa ameweka kopo la tui la nazi.

"Ulimpika mara moja," akasema. "Mpike tena."

"Nilimwahidi mama."

"Mama ameshakuja. Muulize kama anataka kwenda." Akalisukuma kopo kwangu. "Safari hii amekuja kwangu. Mimi ndiye niliyewasha moto. Mimi."

Jamani. Mtu mzima, nywele zinaanza mvi, amesimama mbele yangu kama mtoto anayengoja kuchukuliwa shuleni. Nikamkumbatia. Na nilitaka. Mbele ya Mungu nilitaka kuchukua lile kopo na kisu cha kulifungulia. Nani alikuwa na mama mwingine katika mji huu? Nani angenikanda miguu?

Kisha nikamwona mwanangu anashuka.

Mwanangu, ambaye huwa anashuka mbio mpaka nampigia kelele, alikuwa anaweka mguu mmoja, halafu mwingine juu ya kidato kilekile. Mikono yake yote miwili ilikuwa kando, vidole vimekunjwa nusu. Mkono mmoja ulikuwa juu kidogo, mwingine chini kidogo. Alikuwa amealikwa kuogelea na mwenzake wa shule. Nikamkumbusha, begi lako liko wapi?

"Siendi," akasema. "Wao hawavuki mlango. Nitakaa nao."

"Mpaka lini?"

Akaniangalia kama nimeuliza swali la kijinga. "Tu," akasema.

Mume wangu alimsikia. Aligeuka akamtazama binti yake, muda mrefu, ile mikono yake midogo inayomshika mtu kila upande. Kisha akaondoka mlangoni akanipisha.

Ilikuwa Jumapili, soko la stesheni ya Gare du Midi lilikuwepo. Nilipita kwenye meza za mabilinganya nikiyapima kwa mikono kama mwendawazimu, natafuta mgongo mpana. Muuzaji akaniuliza nataka la kukaanga au la kujaza nyama. Nikamwambia la kubeba watu. Akacheka, akaniongezea kitunguu.

Tulilisimamisha jioni, kizingitini, jua likiwa bado kwenye madirisha ya juu ya nyumba za mbele. Mtaa ulikuwa mtupu mpaka kona. Njiti za kiberiti zilikuwa dhaifu, ng'ombe akawa anapepesuka, mume wangu akachukua vijiti vya kulia chakula vya mama yake, akavivunja, akampa miguu mipya. Akawasha moto. Mwanangu nilikuwa nimemweleza kila kitu na alilia mchana, lakini sasa alisimama kimya kati yetu, ameoga, amevaa gauni lake zuri.

Moshi uliinuka. Mkono wangu, niliomshika nao, ulimsikia anavutwa mbele, taratibu, halafu anaachwa.

"Wanaenda?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Bibi amembeba mgongoni."

"Wamefika wapi?"

"Kwenye ile gari nyeupe." Akainua mkono akapunga. Akapunga kwa nguvu, amesimama kwa vidole. "Sasa wako kwenye ule mti. Bibi anamwimbia."

Mimi niliona barabara tu. Niliona gari jeupe na mti. Mwanangu aliendelea kupunga, na tabasamu lake likawa linangoja, linangoja, likaanza kuchoka.

"Hageuki," akasema.

"Atageuka pale kwenye kona."

Tukangoja. Mume wangu aliziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa mwanangu ukashuka polepole mpaka ubavuni.

"Wamepinda," akasema. "Mama, hakugeuka. Hata kidogo. Na mimi nilikuwa nampungia."

Akaangua kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha mtu aliyeachwa. Miaka yote ile nilimtaka yule mwanamke amwache mwanangu. Amemwacha sasa, safi kabisa, mikono yote miwili kwa wa kwake. Na mimi nilikuwa nimeshatoka mbio peku katikati ya barabara ya Forest, nimeupita mti, nimefika kona, naita kwa Kiswahili na watu wanafungua madirisha:

"Mama! Geuka basi, mama, mtoto anakupungia!"